Uhusiano na Marehemu

Mimi ni karani wa mahakama ya Kadhi, Lamu.
Kazi yangu ni sehemu: thumuni kwa mjane, sudusi kwa mama,
nyumba ya Mkomani yenye vyumba sita
kwa warithi kumi na wanne,
na bado hubaki choo cha kugombaniwa.
Miaka ishirini na miwili sijakosea hesabu
ila mara moja, na ile ilikuwa minazi.

Mfunguo Tano, mwaka wa sabini na moja wa karne hii,
maji ya bamvua yako ngazi ya pili,
akaingia mwanamke viatu mkononi.
Wazee wawili waliokuwa benchini
wakainuka, wakatoka, wala hawakuaga.
Mwanakheri binti Lali tulimzika Rajabu.
Nilitia mchanga kwa mikono yangu.
Na huyu hapa, umri wa miaka thelathini,
mwanya ule ule, kope zile zile nzito,
anatafuta kalamu kwa mkono wa kushoto.

Karatasi ya maabara ya Malindi ina mihuri mitatu:
seli za shavu, zilizochukuliwa Mwanakheri
alipokwenda kung'olewa jino;
yai la mwanamke asiyetajwa, likatolewa kiini,
likatiwa kiini kingine.
Jeni zote sawa, moja baada ya moja.
Jina: Rukia.
Jina la baba:
hapo pameachwa kama ukuta uliochongwa kidaka
kisha kikakosa cha kuwekwa.

Wakili wa Shekuwe, mtoto wa nduguye marehemu,
alisema fotokopi ya hati si hati.
Kadhi aliniagiza chai.

Usiku nikapiga hesabu.
Akiwa binti, nusu.
Akiwa dada, pacha aliyechelewa miaka ishirini na minane,
nusu vilevile.
Nikacheka peke yangu hadi mke wangu akaamka.
Lakini akiwa ni yeye mwenyewe
hakuna maiti, hakuna mirathi,
na mchanga ule nilimtilia nani?
Hawa alitoka ubavuni mwa Adamu
na hakuna aliyepata kumwita bintiye.
Nilipofika hapo nikazima taa,
maana huko si kwa karani.

Ijumaa tulikwenda kuandika vyombo vya nyumba.
Jamaa walijipanga ukumbini, kimya,
wamtazame akienda moja kwa moja
kwenye kidaka cha tatu, unapokaa ufunguo wa kasha.
Hakwenda.
Aliuliza maji ya kunywa yako wapi.
Gotini hana lile kovu la kuanguka ngazini.
Kaja na mwili mzima wa marehemu
bila hata siku yake moja.

Ndipo akatokea Bi Shamsa wa nyumba ya pili,
aliyenuniana na Mwanakheri miaka kumi na tisa.
Alimshika mashavu.
"Mato ni yayo hayo," akasema.
"Kile kidani nalitukua mimi. Nisamehe."

Nilikuwa nikihesabu sahani za kaure. Nilifika kumi na moja.
Rukia alimtazama Shekuwe, akanitazama mimi,
kana kwamba mmoja wetu ana jibu mfukoni.
Kisha akasema, polepole,
kwa sauti tuliyoizika:
"Nimesamehe."

Fomu yangu haina safu ya neno hilo.
Kama si lake la kutoa, lilitoka wapi?
Kama ni lake, basi na nyumba?
Bi Shamsa, nasikia, alilala usiku ule kucha
na asubuhi akaomba mkate wa mofa.

Kesi imeahirishwa hadi Mfunguo Nane.
Fomu aliijaza mwenyewe, wino umevutwa
na ule mkono wa kushoto.
Kwenye mstari wa *Uhusiano na marehemu*
ameandika:
Sikuwahi kumwona.

Sheria hailitambui jibu hilo.
Nimeligonga mhuri.