Mkebe wa Vifungo

Saketi ilinichukua jioni mbili.
Transista nne, kapasita zilizonona kama kupe,
lehemu iking'aa kwenye kila kiungo.
Ikaimba mezani, uchi, imelala juu ya gazeti,
nami nikadhani nimemaliza.

Nyumba yake imenichukua majira yote ya baridi.

Kwanza nilikata mbao za mjozi, mlango wa kabati
walilolitupa wa ghorofa ya pili walipohamia Batumi.
Msumeno ukanidanganya kwenye kona ya nne:
nafasi ya kupitisha ukucha, si zaidi,
lakini ukishaiona hiyo huoni kingine.
Nikaziba kwa gundi na unga wa mbao. Nikapiga msasa.
Nikaiona tena.
Sanduku zuri, na ndani yake mvumo,
mmmmm,
kama nyuki aliyefungiwa chupani.

"Mbao haizuii kitu," alisema Gocha wa mlango wa pili,
aliyekuja kulalamikia keekee saa tano usiku
akabaki hadi saa saba, tupa yangu mkononi mwake.
"Umeme wa jengo hili unavuja hadi kwenye supu.
Tafuta bati."

Bati lilikuwa juu ya kabati la mama.

Mkebe wa biskuti, unaonizidi umri.
Kifunikoni kulungu wawili wanakunywa maji
kwenye msitu ambao haupo popote hapa Kutaisi.
Ndani, vifungo: vya makoti ya marehemu,
vya sare yangu ya shule, vya shaba, vya mfupa,
kimoja kimoja, visivyo na wenzao.
Nilivimimina kwenye soksi. Mama alikuwa kanisani.
Sijitetei.

Bati ni jembamba; keekee huling'ata kwanza, kisha hulirarua.
Nikaegemeza kipande cha mjozi nyuma yake,
nikatia alama kwa msumari, nikashusha pumzi,
na bado tundu la kitaa likateleza
milimita tatu kushoto,
likaangukia jichoni mwa kulungu.
Gocha alicheka mpaka akakaa chini.
Sasa nikiwasha, kulungu mmoja anatazama kwa jicho jekundu,
na mwenzake anaendelea kunywa, hana habari.

Mvumo ulibaki.
Nikagusa mkebe kwa kidole: kimya.
Nikaondoa kidole: mmmmm.
Nikagusa tena.
Sijawahi kumfaa mtu wala kitu namna ile,
kuwa ardhi, kwa kusimama tu.
Lakini huwezi kukaa umeshika mkebe maisha yako yote,
kwa hiyo nilikwangua rangi chini ya skrubu
mpaka chuma kikakutana na chuma,
nikakaza waya wa ardhi, na hapo

si kimya cha umeme kukatika, kile tunakijua.
Kimya cha chumba ambamo mtu yumo
na bado hajasema.

Mama akarudi na mishumaa mkobani.
Akauona mkebe: mgongo umetobolewa, nyaya, jicho jekundu.
Nikamvalisha hedifoni kabla hajafungua mdomo.
"Sisikii kitu," akasema.
"Ndiyo kazi yenyewe," nikasema. "Miezi mitatu."
Akanitazama kama anayepima homa kwa macho.

Kisha akazivua, akachomoa waya ukutani,
akauinua mkebe hadi sikioni
na kuutikisa, kama alivyoutikisa siku zote
kujua kama kuna kifungo kilichobaki.

Ndani, kitu kimoja kikagonga bati.
Tik.

"Kipo," akasema, akaurudisha mezani,
akaenda kuvua viatu.

Skrubu ni nane. Nilishika bisibisi, nikaiweka chini.
Kilijificha wapi, sijui. Cha mfupa, nadhani, kwa mlio wake;
hakiwezi kuunguza kitu.
Kikae.