Ritifaa

Mafinga, saa nane usiku, koti juu ya koti.
Nafungasha viazi vya watu ndani ya mabano:
jina, kijiji, magunia,
kila neno kati ya fungua semi na funga semi.

Seva ya Mbeya inafungua. Inagoma.
Mstari wa arobaini na moja:

Twilumba Ng'umbi wa Sadani.
Ritifaa yake imejifanya funga semi;
Ng ameingia,
umbi amelala nje na baridi.

"Ifute tu," anaandika Gwamaka.
Niifute? Ng'ombe akipokonywa yake
nani atamkama?

Naegemeza mkwaju mmoja mbele yake.

Asubuhi ujumbe unafika Sadani:
magunia kumi na manne.
Twilumba analisoma jina kwanza,
kwa sauti,
puani.