Kahawia

Nuoro, Novemba. Upepo wa kaskazini
unatikisa madirisha ya maabara.
Mkononi nina kipande cha nta, namba mia nne kumi na saba:
ndani yake tezi ya mwanamke wa Oliena,
miaka arobaini na mmoja, mwoka mikate.
Fomu inasema aliuhisi uvimbe akifunga mtandio,
tanuri halijawashwa.

Simjui. Naijua mikate yao tu,
ile myembamba ivunjikayo kwa mlio wa karatasi kavu.
Leo mimi, Bonaria, namkata mwembamba kuliko mkate wowote aliousukuma:
mikroni tatu. Kisu kinapita,
utando unaelea juu ya maji vuguvugu,
naudaka kwa kioo, napumua pembeni.

Daktari Piras alishautazama mara mbili
kwa bluu na waridi ya kila siku, akakuna ndevu.
"Seli hizi zimekaa kimya," akasema,
"na kimya chenyewe sijui cha mwema au cha mwizi."
Mwenye macho haambiwi tazama,
ila huyu mwenye macho
ameniomba nimwitie mashahidi.

Basi nachemsha, nasuuza, nadondosha
kingamwili tone kwa tone.
Moja inatafuta galektini,
ya pili keratini ya kumi na tisa,
ya tatu jina lake herufi na namba, kama gari.
Nasubiri. Nakula chungwa nje, nanawa, narudi.

Saa tisa kahawia inapanda.
Galektini: nzito, kahawa iliyomwagikia shuka.
Keratini: madoa, kingoni tu.
Ya tatu: hakuna.
Natazama kioo cha kulinganishia; kimeshika rangi vizuri.
Si kosa la mkono wangu.
Ningependa liwe kosa la mkono wangu.

"Mmoja anapayuka, mmoja ananong'ona, mmoja kanyamaza," asema Piras.
"Na shahidi si hakimu. Kata tena, Bonaria,
mpaka kwenye ganda."

Nakata. Kioo cha kumi na moja
ganda limetoboka,
na seli zinatoka nje, zikisukumana,
kahawia yote.

Anaandika mstari mmoja. Hatuongei.

Kesho mtu atampigia simu.
Pembeni mwa fomu nimeongeza kwa penseli,
ingawa hakuna nafasi iliyotengwa kwa neno kama hilo:
*baada ya saa nne, mikate ikishatoka.*