Tarakimu Ishirini

Lugano hakujifunza kuhesabu darasani.
Alijifunzia hapa, ukutani, amesimama juu ya kigoda,
mita ya LUKU ikimkodolea jicho jekundu,
nami nikimsomea kutoka kwenye simu
nne nne, kwa pumzi, kama mtu anayevuka mto kwa mawe:
sifuri saba mbili moja. Bibi, rudia.
Sifuri saba mbili moja.
Ishirini zikitimia, mita hulia tii,
na marehemu amelipa kodi tena.

Maana jengo bado ni la Ambilikile.
Mwaka wa sita huu amelala Tukuyu, chini ya migomba,
lakini makaratasi yanamwita mmiliki.
Matofali aliyachoma mwenyewe, tanuru mbili,
moja ikabomoka kwa mvua ya Machi.
Bati alipaua kwa misimu mitatu ya viazi,
upande wa Loleza kwanza,
kwa sababu baridi ya Isanga hushukia huko.
Alinifundisha kuziba nyufa, kuzibua mifereji.
Hakuniambia kwamba nyumba nayo hula.

Julai nilijifanya mjanja.
Nikazima, nikawasha kibatari. Agosti hivyo hivyo.
Nisiponunua umeme, nilisema, watanikamatia wapi?
Septemba inakwisha, nikapeleka elfu tano.
Ujumbe ukaja:
kodi ya jengo, elfu nne na mia tano.
Uniti, nne nukta moja.
Kumbe deni halikuzimika na taa.
Lilikaa nami jikoni miezi yote ile, linaota moto wangu.
Soma haraka, mjukuu wangu, nikamwambia,
huu ni mwanga wa kuonjeshwa.

Chumba cha uani amepanga Mwalimu Ngailo,
mtu wa Makete, mpole, ana mita yake,
na mita yake nayo hukatwa.
Kila tarehe tano huniletea pango
pungufu ya elfu moja na mia tano,
na risiti ameikunja mara nne kama barua ya posa:
"Mama, kodi ya nyumba ni ya mwenye nyumba."
Sina la kubisha.
Paa moja, mita mbili, midomo miwili.
Nenda ofisini, waliniambia. Nilikwenda.
Foleni ilianzia kwenye ngazi
na karani alikuwa semina.

Sasa huyo huyo Mwalimu Ngailo,
Alhamisi, saa tatu asubuhi,
alimrudisha Lugano nyumbani na karatasi:
mchango wa dawati. Mchango wa uji.
Wako mia na kumi na wawili darasa la pili.
Lugano hukalia mfuko wa mbolea,
na baridi ya sakafu ile humpanda mpaka kwenye meno.
"Elimu ni bure, Bibi," akaniambia, anavua viatu.
"Kinachouzwa ni pa kukaa."

Nilimngoja Mwalimu mlangoni tangu jua la alasiri.
Nimeyanoa maneno, yamekaa tayari:
Wewe unanikata mimi, mita inakukata wewe,
inakwenda serikalini, na shule ni ya serikali,
basi niambie, Mwalimu uliyesoma,
hiyo hela ikifika njia panda huwa inageukia wapi?

Akaja na chaki mpaka kwenye nyusi.
Begani ubao wa msonobari, mmoja,
wenye gundi bado inanata, bei imeandikwa kwa penseli.
Hakuingia kwake. Alisimama uani,
akautazama ubao, akanitazama mimi.
"Mama Tusekile," akasema, "una nyundo?"

Nilikuwa nayo. Ya Ambilikile, mpini umeingia weusi wa kiganja chake.
Nilimpa.
Maneno yangu nikayameza, yakanikwaruza,
na la pango nikaliacha mpaka kesho,
kesho nitalisema, nisidanganye.

Alikuwa hajapigilia msumari wa pili
taa yake ikakata.
Hakuna aliyecheka.
Lugano akaenda kuchukua kigoda,
akakiweka chini ya mita ya Mwalimu,
akapanda, kidole kiko tayari,
akangoja mmoja wetu aanze kusoma.