Ukanda wa Pembeni

Uwanja una mistari miwili kila upande.
Anayecheza peke yake huishia ule wa ndani.
Mimi nimekula miaka kumi na saba
kwenye ukanda uliobaki, hatua moja na nusu,
nikajenga Kamalondo, bati la buluu,
nikasomesha wadogo zangu watatu.

Nilianza nikiokota mipira ya wakubwa wa kampuni,
nyuma yao bomba la moshi
na kile kilima cheusi cha masalio ya shaba.
Kocha Musompo alinitazama wiki nzima, akasema:
"Mbio huna. Pumzi huna.
Ila mikono yako ina haraka ya mwizi wa mahindi."
Akanisimamisha karibu na wavu.
Sijatoka.

Odilon nyuma, mimi mbele.
Miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akianzisha mpira,
nilimsikia tu: kiatu kikikwaruza udongo,
pumzi, kimya kidogo, kisha mlio.
Sura yake ya kazini naijua kwa picha za gazeti,
zile ambamo mimi nimekatwa begani.
Mgongoni nilimwandikia kwa vidole:
ngumi, nabaki. Kiganja wazi, navuka.
Kidole cha mwisho: ndugu yangu, piga popote, Mungu yupo.

Tunis, Dakar, miji ya baridi iliyonitoka majina,
chumba kimoja, vitanda viwili, pasi moja ya nguo.
Zawadi tuligawana hadi sarafu.
Iliyokataa kugawanyika tulinunulia sabuni.

Nyumbani mjomba aliuliza, tonge la bukari mkononi:
"Sawa, mlishinda. Na wewe, ulishinda lini?"
Nikatafuta. Kila sentensi niliyoanza
ilikuja na *tu-* mbele yake.

Kisha goti la Odilon likagoma.
Yuko Kipushi, anauza saruji,
hunipigia simu mvua ikianza, hatuongei mengi.
Mimi humwagilia uwanja alfajiri
kabla vumbi jekundu halijaamka.

Jumapili iliyopita, kwenye foleni ya komunyo,
binti yangu akanivuta shati:
"Baba, mkono wako."
Ulikuwa mgongoni, kiganja wazi.
Nikageuka kwa aibu. Nyuma yangu
alisimama mama mmoja wa kwaya, mnene, simjui,
kitabu cha nyimbo kwapani.
Akaniangalia, akauangalia mkono,
akasogea kushoto.