Chumba Nambari Nne

Wete, mji nilikozaliwa,
nililala kwa kulipa.
Nyumba yetu ilishauzwa. Mama alizikwa jana yake,
meli ilinichelewesha.

Gesti ya Bi Mize ina ngazi kumi na moja.
"Ya saba imelegea, iruke," aliniambia
kabla hata ya kuniuliza jina.
Kitabu cha wageni, safu ya *Sababu ya Safari*:
kalamu ikanigandia mkononi.
Akakivuta kitabu, akaandika mwenyewe:
*Kwao.*

Tangu hapo nimelala kwenye mahoteli,
mito sita, taulo lililokunjwa likawa bata,
kadi mezani ikiniita mgeni mpendwa.
Sikumbuki hata rangi ya pazia.

Kwa Bi Mize feni ilikohoa usiku kucha,
maji ya bomba yalikuja yalipotaka.
Lakini alfajiri, nje ya mlango,
ndoo ya maji moto, imefunikwa sinia,
na msumarini kanzu yangu iliyolowa melini,
niliyoianika uani bila kusema kitu,
imepigwa pasi, ingali na joto,
inanukia mkaa.

Siku ya kuondoka alikataa pesa ya usiku wa kwanza.
"Ule hukulala. Nilikusikia ukitembea."

Bandarini Mkoani nikapapasa mfuko:
ufunguo, nambari nne, kibao cha mfenesi.
Nikampigia simu, nimeona haya.
"Kaa nao," alisema. "Kitasa chenyewe
kibovu tangu mwaka juzi."