Tarakimu Nne

Miaka ishirini na tisa nilizijua dawa,
sikuwa na kalamu.
Namaanisha kalamu ilikuwapo, mfukoni mwa koti,
ya kuandikia uzito wa vichanga na saa ya kuzaliwa;
ila jina la dawa lilipita kwanza kwa daktari Zdzisław,
kama mgeni anayevua viatu mlangoni.

Nilimnong'oneza. Akaandika.
Mgonjwa akamshukuru yeye.
Nami nikakunja shuka.

Kisha sheria ikabadilika huko Warszawa,
ikaja barua yenye muhuri wa tai:
wauguzi na wakunga watakaosoma na kufaulu
wataandika wenyewe.
Nilicheka peke yangu jikoni, viazi vikaungua.

Jumamosi kumi na nne nilipanda basi la alfajiri
kwenda Białystok, mkate na matango ya siki kwenye karatasi,
mimi, Bogumiła, mwenye jozi mbili za miwani,
moja ya ubao, moja ya daftari.
Mwalimu alikuwa mdogo kuliko mwanangu wa pili.
Alichora ini, likatoka kama kiatu,
akatuonyesha linavyoichambua dawa
hadi yabaki mabaki ya mabaki.
Kisha akatufundisha nukta.
Nukta moja, alisema, ikihama kulia hatua moja,
kipimo cha kutibu kimekuwa cha kuzika.
Kando yangu Genowefa, muuguzi wa wodi ya moyo,
alifuta nukta zake zote akaziandika upya,
nene kama dengu.

Nilitarajia kufundishwa kuandika.
Kumbe somo refu lilikuwa kutoandika:
kuketi na mtu aliyekuja kutaka kidonge
ukampa maji, siku tatu, na namba yako ya simu.

Mtihani nilifaulu. Si vizuri sana. Nilifaulu.

Februari, theluji imeziba njia ya msituni,
Nadzieja ana mtoto wa wiki tatu
na ziwa la kushoto jekundu kama bitiruti.
Homa thelathini na tisa. Anatetemeka, ananyonyesha,
analia bila sauti ili mtoto asishtuke.
Nikafungua kompyuta juu ya meza yao, kati ya unga na nepi.
Jina la dawa lilikuja lenyewe,
lilikuwa limeshafika vidoleni,
ndipo nikasikia swali, kwa sauti ya yule kijana
mwenye chaki kwenye nyusi:
kuna dawa iliyowahi kukudhuru?

Akafikiri.
"Utotoni. Midomo ilivimba, nikashindwa kupumua.
Mama alisema ni penisilini."

Nikainua kidole.
Ile niliyoinong'ona maisha yangu yote
ni ya ukoo huohuo.

Nikamkumbuka daktari Zdzisław,
alivyokuwa akisita kabla ya saini,
akimwuliza mgonjwa mawili matatu kwa sauti ya chini,
nami mlangoni nahesabu dakika,
nasema moyoni, mzee huyu anajishaua.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Nilidhani amebeba kalamu tu.

Nikachagua nyingine. Nikahesabu kipimo mara tatu,
ya tatu kwa vidole, kama mtoto wa darasa la pili.
Nikabonyeza.
Simu ya Nadzieja ikalia: tarakimu nne,
za kumpa mfamasia.
"Ni hizo tu?" mumewe akauliza, mguu mmoja kwenye buti.
Ni hizo tu.
Akatoka kuwasha trekta.

Usiku ule kitanda kilikuwa na mawe.
Nilisoma upya ukurasa wa madhara, na wa pili yake,
na maandishi madogo ya chini ambayo hakuna asomaye.
Saa kumi na moja alfajiri nikapiga simu.
Midomo yako ikoje?
Kimya. Mtoto akikoroma karibu na kipokezi.
"Inapiga miayo, mama mkunga.
Sasa na wewe lala."